Kuimarisha maunti ya chini ya injini kwenye Golf GTI: mwongozo kamili

Kwenye Golf GTI, ukikanyaga mafuta kwa nguvu ukiwa gia ya kwanza, injini haitulii mahali pake. Kichwa chake kinalala nyuma kuelekea kioo cha mbele, tumbo lake linakwenda mbele, na ukiachia pedali vyote vinarudi kwa kishindo. Barabara ikiwa na mvua, au lami ikiwa na vumbi, tairi za mbele zinaanza kurukaruka badala ya kushika, na usukani unatetemeka mkononi. Wenye magari wengi hukimbilia kubadilisha tairi au shokapu. Kwa kawaida mimi huwaambia waangalie kwanza chini ya giaboksi, kwa sababu pale kuna maunti moja (kishikilio cha injini chenye raba) ambayo gharama yake ni ndogo na mabadiliko yake unayahisi siku hiyohiyo.

Mwongozo huu ni wa Golf za familia ya GTI, kuanzia Mk5 (yaani kizazi cha tano) iliyotoka 2004, Mk6 ya 2009 hadi Mk7 ya 2013. Mpangilio wa Audi A3, Škoda Octavia na SEAT León za miaka hiyo ni uleule, ila vipimo vya sehemu hutofautiana, kwa hiyo usiagize kitu kwa kukisia. Nchini Kenya magari haya ni mengi, na mengi yaliingia yakiwa yametumika Japani. Raba ya maunti zake ilianza kuzeeka kabla hujakabidhiwa ufunguo.

Maunti tatu, kazi mbili tofauti

Injini ya Golf imekaa kwa kukingama, kutoka upande mmoja wa gari hadi mwingine, na inashikiliwa na maunti tatu. Mbili za juu hubeba uzito: moja iko upande wa taimingi (upande wa injini usio na giaboksi), nyingine iko juu ya giaboksi. Ya tatu ni mkono mfupi ulio chini, unaounganisha giaboksi na krosimemba, yaani fremu ya chuma inayokingama chini ya injini. Hii haibebi uzito. Kazi yake ni kuzuia injini na giaboksi zisibingirike pale nguvu inapopelekwa kwenye magurudumu.

Watu wengi hawajui ukubwa wa nguvu inayopambana na mkono huo. GTI ya Mk5 yenye injini ya lita 2 ina nguvu farasi 200 na toki, yaani nguvu ya kuzungusha, ya Nm (nyutoni-mita) 280. Ukisoma namba hiyo utafikiri maunti inazuia Nm 280. Sivyo. Injini, giaboksi na difu (gia inayogawa nguvu kwa magurudumu mawili) zimefungwa pamoja kuwa kitu kimoja, kwa hiyo kinachozisukuma zibingirike ni toki inayofika kwenye ekseli, baada ya kuzidishwa na gia ya kwanza na tena na difu. Kuzidishwa huko kunapita mara 12. Piga hesabu: zaidi ya Nm 3,300, na zote zinasaka pa kuegemea. Mk7 ilitoka kiwandani na Nm 350, na gari lililofanyiwa steji 1 (kuongezwa nguvu kwa kubadilisha programu ya injini) linapita hapo kwa mbali.

Sasa chukua tochi utazame bushi iliyo ndani ya krosimemba, pale mkono unapoishia. Utaona raba ya mviringo yenye matundu mawili makubwa yaliyopinda mfano wa mwezi mwandamo, moja mbele na jingine nyuma. Matundu hayo yamewekwa makusudi. Volkswagen walitaka mtetemo wa injini kwenye sailensi (injini ikiwaka bila kukanyaga mafuta) usifike kwenye viti, na wamefanikiwa, Golf ni gari tulivu. Lakini wakati wa kuondoka kwa nguvu, lazima raba ijinyooshe hadi ukingo wa tundu kabla haijaanza kuzuia chochote. Ule mwendo wa bure ndio unaokufanya uhisi gari linasita kidogo, kisha linatoka kwa mshtuko. Tairi inapoteleza na kushika tena, injini inayumba mbele na nyuma kwa kufuata mdundo huohuo, na kuruka kwa tairi kunazidi. Mwisho wake ni jointi za ekseli kuchoka na kiungo cha bomba la moshi kupasuka.

Dawa ni kujaza yale matundu kwa kipande kigumu zaidi cha poliyurethani, plastiki inayonyumbulika kama raba. Hilo tu. Ni kazi ya asubuhi moja, na karibu yote inafanyika kwa kuondoa boliti moja kubwa.

Kwanza hakikisha tatizo si maunti iliyokufa

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo pesa nyingi hupotea. Raba laini na raba iliyokufa hutoa dalili zinazofanana, lakini tiba zake ni mbili. Ukijaza kipande kigumu chini wakati maunti ya juu imepasuka, utapata gari linalotetemeka kama trekta na kishindo kitabaki palepale.

Anza juu, injini ikiwa imezimwa na imepoa. Maunti ya upande wa taimingi ina kimiminika ndani yake cha kumeza mtetemo. Ikipasuka, kimiminika hicho huvuja na kuacha michirizi myeusi kwenye mabano na kwenye chuma kilicho chini yake, na vumbi hunata juu yake likawa tope la kijivu. Ukikuta tope hilo, hiyo maunti imekwisha, hata kama raba yake inaonekana nzima kwa nje. Angalia pia kama injini imeshuka upande mmoja: nafasi kati ya maunti na kizuizi chake inatakiwa ifanane pande zote.

Maunti ya giaboksi haivuji. Yenyewe hupasuka pale raba inapoungana na chuma. Weka mtaimbo mdogo chini ya mabano uinue kwa upole. Raba nzima inakubali kidogo kisha inakataa. Iliyopasuka unaona ufa ukifunguka mbele ya macho yako.

Kisha fanya jaribio la kuwasha gari. Fungua boneti, vuta hendibreki, mwenzako akanyage breki hadi mwisho, wewe simama pembeni kwenye usawa wa tairi ya mbele. Kamwe usisimame mbele ya gari wala usiruhusu mtoto akaribie. Kwa gari la DSG (giaboksi ya Volkswagen yenye klachi mbili inayobadilisha gia yenyewe) au otomatiki, ahamishe kutoka D kwenda R na kurudi, bila kukanyaga mafuta. Tazama kifuniko cha injini. Kusogea kidogo ni kawaida. Injini ikiinuka na kugonga, au ukisikia kishindo cha chuma kwa chuma, kuna maunti imekufa.

Ukigundua hivyo, weka maunti mpya ya raba ya kiwandani kwanza, uendeshe gari wiki kadhaa, ndipo uamue kama bado unahitaji kuimarisha ya chini. Wapo watakaoridhika papo hapo na kuokoa pesa zao. Barabara zetu zenye matuta na mashimo huua maunti mapema, na mwenye gari aliyelinunua mkononi hajawahi kuonja lilivyokuwa jipya.

Ugumu upi ununue

Ugumu wa poliyurethani hupimwa kwa kipimo cha Shore A. Kwa kipande cha maunti ya chini, nambari za karibu 70 hadi 80 ni za gari la kila siku. Zikifika 95 umeingia kwenye vifaa vya mashindano. Powerflex wa Uingereza hutofautisha kwa rangi: zambarau ni ya barabarani, nyeusi ni ya mashindano. Wapo watengenezaji wengine, 034Motorsport wa Marekani miongoni mwao, wanaotoa vipande vya alumini, au mkono mzima wenye bushi zake.

Ushauri wangu hauna kigugumizi: kama gari hilo ndilo linalopeleka watoto shule, chukua kipande laini kuliko vyote katika orodha ya mtengenezaji. Tofauti kati ya matundu matupu na matundu yaliyojazwa poliyurethani laini ni kubwa sana. Tofauti kati ya poliyurethani laini na ngumu, barabarani, ni ndogo, na sehemu kubwa yake utaisikia masikioni na kwenye meno. Alumini waachie wanaokimbiza magari uwanjani.

Kuhusu maunti mbili za juu, ziache za raba. Hizo ndizo zinazokupa utulivu. Ukizigandisha nazo, kila mlipuko wa silinda utaingia kwenye bodi.

Kabla ya kulipa, mpe muuzaji namba ya chasi, kisha pima mwenyewe kipenyo cha bushi ya krosimemba. Bushi hizi hazina saizi moja kwa miaka yote, na kipande kikubwa kwa milimita chache hakiingii hata ukikipiga nyundo.

Vifaa

Andaa jeki imara na stendi mbili za jeki, au tafuta gereji yenye shimo au lifti. Soketi za kuanzia 13 hadi 21, racheti, bomba refu la kuongezea nguvu, bisibisi za nyota za T25 na T30 kwa kava ya chini, spana ya toki inayofika angalau Nm 150, brashi ya waya, oili ya kulegeza kutu, grisi ya silikoni au maji ya sabuni, na rangi au kalamu ya kuwekea alama kwenye chuma. Na boliti mpya. Hizo si hiari.

Boliti za mkono huu ni za kuvutika. Zinapokazwa mara ya kwanza chuma chake hunyooka kidogo na kubaki hivyo, ndiyo maana hukazwa kwa toki kisha kwa nyuzi za pembe. Ukizirudisha, zitafika kwenye nyuzi zilezile bila kubana kwa nguvu ileile, na siku moja utasikia mgongano chini ya miguu. Fundi akikwambia “hizi bado nzuri, bosi”, mshukuru, mpe mpya.

Kazi yenyewe

Egesha mahali tambarare, gari liwe limepoa kabisa. Bomba la moshi linapita karibu na mkono huo, na linaunguza hata nusu saa baada ya safari. Vuta hendibreki, weka vizuizi nyuma ya tairi za nyuma, inua mbele na uliweke kwenye stendi, ukitumia sehemu za kuinulia zilizo kwenye kingo za bodi. Usiweke jeki chini ya sampu ya oili (chombo cha oili kilicho chini ya injini). Sukuma gari kwa bega kabla ya kuingia chini. Likitikisika, shusha uanze upya. Usiingie chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake, hata kwa dakika moja.

Toa kava ya chini. Skrubu zake ni nyingi na zinafanana, lakini si zote zina urefu mmoja, basi zipange chini kwa mpangilio ule ziliotoka.

Sasa utaona mkono. Upande mmoja umefungwa kwenye giaboksi kwa boliti za M10 (zenye kipenyo cha milimita 10). Upande wa pili umeingia ndani ya krosimemba na kushikwa na boliti moja nene inayopanda kutoka chini. Safisha vichwa vyote kwa brashi, nyunyiza oili ya kulegeza kutu, subiri robo saa. Piga picha ya simu kuonyesha mkono umekaaje.

Weka gia kwenye nyutro. Kwa DSG, washa umeme bila kuwasha injini, sogeza kwenda N, na uhakikishe vizuizi vya tairi bado viko imara. Gia ikiwa imeingia, ekseli zinaweza kuishikilia injini ikiwa imejipinda, nawe utakaza maunti ikiwa tayari imevutwa upande mmoja.

Fungua ile boliti nene. Itakataa mwanzoni. Tumia bomba refu na nguvu ya polepole, usiipige mateke. Kwa kuwa mkono huu haubebi uzito, injini haitaanguka. Itasogea kidogo mbele au nyuma, basi. Huhitaji kuiegemeza kwa jeki.

Kwa vipande vingi, boliti hiyo ikishatoka unaweza kusukuma poliyurethani kutoka chini moja kwa moja ndani ya matundu ya bushi. Vingine vinataka mkono utolewe wote. Soma karatasi iliyokuja na kifaa. Ukilazimika kuutoa, legeza boliti za giaboksi, uvute mkono chini huku ukiuzungusha kidogo.

Futa ndani ya matundu kwa kitambaa kikavu. Kagua raba ya zamani: mipasuko midogo ya juu juu si kitu, lakini raba ikiwa imeachana na chuma chake, kujaza kipande hakutasaidia, badilisha bushi kwanza. Paka grisi ya silikoni au maji ya sabuni kwenye kipande kipya, kidogo tu. Usitumie grisi ya kawaida wala oili ya injini, zinavimbisha raba na kuilainisha.

Kiingize kwa mkono, ukilinganisha masikio yake na matundu. Kitakwama katikati. Kisukume kwa kiganja, kisha kwa nyundo ya mpira kwa mapigo mafupi yanayozunguka ukingo, mpaka kikae sawa na krosimemba bila kuacha nafasi. Kikikataa kabisa, umenunua saizi isiyo yake. Usikikate kwa kisu.

Rudisha boliti mpya na washa zake kwa vidole. Vifaa vingine vina bamba la chuma la kufunika chini na huja na boliti ndefu zaidi. Hapo tumia boliti hiyo na namba za mtengenezaji wake, zile za kiwandani hazihusiki tena. Uzi ukikataa kuanza, mwenzako aisukume injini kwa juu, kidogo mbele au nyuma, tundu litakuja lenyewe. Usilazimishe kwa racheti, maana uzi ukiharibika umeharibu mkono mzima.

Boliti zote zikiwa zimeshika lakini hazijabana, tikisa injini kwa mikono mara kadhaa uiache itulie. Hatua hii inarukwa na wengi, na wengi hao ndio wanaolalamika baadaye kwamba kipande kinatetemesha gari. Maunti iliyobanwa ikiwa imevutwa upande mmoja hupitisha mtetemo hata ikiwa laini.

Sasa kaza, upande wa giaboksi kwanza. Kwa Mk5 na Mk6, boliti za M10 zenye alama 8.8 kichwani hukazwa Nm 40 kisha nyuzi 90. Zenye alama 10.9 ni Nm 50 kisha nyuzi 90. Boliti nene ya M14 inayoingia kwenye krosimemba ni Nm 100 kisha nyuzi 90. Mk7 imejengwa kwenye jukwaa jingine na ina namba zake, zichukue kwenye kitabu cha ufundi cha gari hilo. Nyuzi 90 ni robo mzunguko: chora mstari kwenye kichwa cha boliti, chora mwingine kwenye chuma mahali mstari huo utakapofika, uzungushe mara moja bila kusita. Ukimaliza, vuta mstari mmoja wa rangi unaovuka kichwa na chuma kwa pamoja. Utauhitaji baadaye.

Washa injini kabla ya kurudisha kava. Sikiliza kama kuna kitu kinagusa bomba la moshi. Kikiwa kimya, funga kava, shusha gari.

Utakachohisi

Kuondoka kunakuwa kwa moja kwa moja, ule msito unapotea. Kwenye gari la klachi, gia ya pili inaingia kwa wepesi zaidi unapokimbia, kwa kuwa giaboksi haiyumbi tena wakati unasukuma kijiti. Kwenye DSG, mshtuko wa kutoka D kwenda R unapungua.

Mtetemo utaongezeka, na afadhali ulijue hilo kabla ya kununua. Utausikia zaidi asubuhi injini ikiwa baridi, ukiwa kwenye foleni na AC inafanya kazi, na unaporudi nyuma. Kioo cha ndani kinaweza kutetemeka. Poliyurethani hujilaza kadiri siku zinavyokwenda, kwa hiyo endesha kilomita 500 hadi 1,000 kabla ya kutoa hukumu.

Mtetemo usipopungua kabisa, legeza boliti, weka nyutro, tikisa injini, uikaze tena, na hapa pia utahitaji boliti mpya. Ukiendelea hata baada ya hapo, rudi kwenye maunti za juu ukazikague upya. Mara nyingi ile ya upande wa taimingi ilikuwa imeanza kuvuja, na raba laini ya chini ilikuwa inaificha.

Kishindo kipya cha chuma ni jambo jingine. Simamisha gari, ingia chini likiwa kwenye stendi, tazama ule mstari wa rangi. Ukiwa umeachana, boliti imelegea na gari lisiendeshwe mpaka ibadilishwe. Ukiwa umenyooka, tafuta bomba la moshi linalogusa krosimemba, maana injini sasa inakaa mahali tofauti kidogo na zamani na hanga za bomba zilizochoka huanza kulalamika.

Kagua mstari huo baada ya wiki ya kwanza, kisha kila unapobadilisha oili, kwa kuwa kava inakuwa imeshatolewa. Usizikaze boliti tena kwa spana ya toki “kwa uhakika”. Boliti ya kuvutika iliyokwishazungushwa nyuzi zake haipimiki kwa njia hiyo, na utaivuta kupita kiasi. Poliyurethani yenyewe iangalie kingo zake: ikianza kumeguka vipande vidogo, kipande ni kigumu mno kwa bushi yako au injini ina mwendo mkubwa kuliko inavyotakiwa, na jibu liko kwenye maunti mbili za juu.